Nilimzika Shangazi Akiwa Hai

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mlangoni kwa Dokta Shobna, mhadhiri wangu wa kemia, mkono kwenye kitasa, na kichwani sina hata uongo mmoja.

Kwa mnaoingia leo: jina langu ni Sepiuta, nyumbani wananiita Uta. Nimetoka Nuku'alofa, Tonga, nikaja hapa Suva kusoma chuo kikuu. Nimeshawasimulia jinsi nilivyokuwa kule sekondari. Kiranja mkuu wa bweni la wasichana. Soksi nyeupe, nywele zimesukwa mikia miwili mpaka kiunoni, wa kwanza kuingia kanisani na wa mwisho kutoka. Walimu walikuwa wakiwagombeza wengine kwa jina langu: "Hamumwoni Uta?"

Na nimeshawasimulia nilivyoporomoka hapa chuoni. Si kwa pombe. Si kwa mwanamume. Hayo angalau mtu anaweza kuyasimulia uzeeni. Mimi niliporomoka kwa usingizi.

Kule shuleni tuliishi kwa kengele. Kengele ya kuamka, ya kuoga, ya sala, ya uji, ya kuzima taa. Miaka yote ile nilijiona mtu wa nidhamu. Nimefika Suva, mahali ambapo hakuna anayegonga kengele wala anayejali umelala au umeamka, ndipo nikagundua nidhamu haikuwa yangu.

Basi mtihani wa kemia wa katikati ya muhula ulianza, ukafanywa, ukakusanywa, mimi nimejifunika shuka. Nilipoamka wenzangu walikuwa wanarudi wanabishana majibu ya swali la nne.

Hapo ndipo tulipofikia.

"Ingia, Sepiuta," akasema Dokta Shobna. "Jana sikukuona. Kulikoni?"

Nilikuwa nimepanga kusema niliumwa. Lakini ukisema uliumwa utaulizwa cheti cha daktari. Nikafungua mdomo nikitumaini neno lolote litajitokeza lenyewe.

"Nina msiba, mwalimu."

Akavua miwani. "Pole sana. Nani?"

Nina ndugu wengi, msomaji. Nina wajomba kisiwani Vava'u, nina binamu New Zealand nisiowajua hata sura. Ningeweza kumuua yeyote kati yao na dunia isitikisike. Lakini mdomo wangu ulichagua wenyewe.

"Shangazi yangu. Shangazi Lesieli. Amefariki."

Kwetu Tonga shangazi si mtu wa kumtaja ovyo. Dada wa baba ndiye mkubwa wa nyumba. Baba mwenyewe akiwa mbele yake hushusha sauti. Shangazi Lesieli ndiye aliyenipa jina. Ndiye aliyenichagulia shule. Ndiye aliyesema nisome sayansi, nami nikajikuta napenda sayansi. Siku ya kuondoka alinikalisha kwenye benchi la uwanja wa ndege, akafumua nywele zangu zote na kuzisuka upya mbele ya abiria, kwa sababu hakuridhika na mstari wa katikati. Nilikuwa na umri wa mtu wa kupiga kura.

Huyo ndiye niliyemuua ofisini kwa Dokta Shobna.

Na machozi yakatoka. Sikuyaita. Yalimwagika tu mpaka yakanilowesha kola. Dokta Shobna akainuka, akanitengenezea chai ya maziwa yenye tangawizi, akavuta kiti akakaa karibu yangu.

"Mimi nililelewa na shangazi yangu kule mjini Ba," akasema. "Alipokufa sikula siku nyingi. Usijali mtihani, mwanangu. Utaufanya peke yako, utakapokuwa tayari. Unasikia? Mtihani ni karatasi tu."

Nikanywa chai yake. Ilikuwa tamu. Nikaondoka nikijiambia, haya, yameisha. Nilidhani uongo ni kama mtihani, ukishaukabidhi unatoka nje.

Jioni hiyo hiyo mlango wa chumba chetu ukagongwa.

Alikuwa Palu, mwenyekiti wa wanafunzi wa Tonga, jitu la miraba minne lenye sauti ya kuombea kura. Nyuma yake walisimama wenzake wanne. Wote walikuwa wamevaa nyeusi.

"Uta," akasema, na sauti ile kubwa ikawa ndogo. "Mbona hukutuambia?"

"Kuwaambia nini?"

"Dokta Shobna amenisimamisha baada ya kipindi. Ameniambia, 'Mwangalieni mwenzenu, ana msiba mzito naye ananyamaza.' Nimeona aibu, Uta. Mhindi anajua msiba wa Mtonga kabla yangu mimi?"

Huo ndio ulikuwa wakati wangu. Ningesema pale pale, "Palu, nimedanganya." Wangenitukana, wangecheka, yangekwisha. Neno moja tu. Lakini msichana mmoja anaitwa Hingano, ambaye tangu nifike Suva hajawahi kunisalimia, alikuwa tayari ameshanikumbatia na analia shingoni kwangu.

"Shangazi kabisa!" alikuwa anasema. "Dada wa baba! Ungekufa nao peke yako chumbani humu?"

"Sikutaka kuwasumbua," nikajibu.

Wakatazamana. Palu akatikisa kichwa. "Huyu ndiye Uta. Ndivyo alivyokuwa hata kule shuleni, niliwahi kusikia. Hajipendelei."

Walipoondoka nilifunga mlango nikageuka. Teretia alikuwa amekaa kitandani kwake amekunja miguu, ananitazama.

Teretia ndiye ninayeishi naye chumba kimoja. Ametoka Tarawa, Kiribati. Ni mwembamba kama ufito, anajifulia, anajipikia, anaamka mwenyewe, na hajawahi kujisifu kwa hayo hata siku moja. Siku ya mtihani aliniamsha mara mbili kabla hajaondoka, mara zote mbili nilimwambia, "Naamka."

"Jana jioni," akasema, "ulikuwa unaongea na nani kwenye simu?"

Nikaanza kutandika kitanda changu.

"Kulikuwa na mama mmoja anafoka mpaka mimi namsikia kutoka huku. Anauliza kama unapaka mafuta ya nazi kichwani. Ukamwambia, 'Ndiyo, shangazi. Napaka, shangazi.' Au una shangazi wawili?"

"Mmoja."

"Basi kwenu wafu wana sauti kali."

Nikataka kucheka, nikalia. Nikamweleza yote. Teretia akasikiliza bila kunikatiza, kisha akaanza kukunja nguo zake zilizokauka.

"Utawaambia lini?"

"Kesho."

"Sawa. Mimi simo. Ila wakileta chakula hapa usinikaribishe. Siwezi kula matanga ya mtu anayepumua."

Kesho yake nilimtafuta Palu. Nilimkuta nyuma ya jengo la wanafunzi na vijana wawili, wanachagua magimbi kwenye viroba. Magimbi mengi. Sikuuliza ya nini, nilijua.

"Palu, nataka kukuambia jambo."

Akawapa wenzake ishara wasogee. Akafuta mikono kwenye suruali, akanisikiliza kwa heshima ambayo sikuistahili.

Nikavuta pumzi. "Shangazi hajafa."

Palu akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Baba yangu alipofariki mimi nilikuwa kidato cha tatu. Mwaka mzima nilikuwa nawaambia watu hajafa. Nilikuwa namwekea sahani mezani. Mama ananiambia, 'Palu, kula.' Nasema, 'Tumngoje mzee.'" Akaniwekea mkono begani, mzito kama gunia. "Hajafa, Uta. Uko sahihi. Yuko nawe."

"Palu, nisikilize, sisemi hivyo. Nasema yuko hai."

"Yuko hai. Amina."

Na vijana wale wawili, ambao walikuwa hawajaenda mbali, wakaitikia: "Amina."

Niambieni ningefanya nini. Wapo watakaosema ningepiga kelele, ningepiga simu nyumbani nikamsikilizisha Palu sauti ya shangazi. Nami najiambia hivyo hivyo kila ninapolala. Siku ile nilisema, "Asante, Palu," nikainama nikaanza kuwasaidia kuchagua magimbi ya matanga yangu ya uongo.

Jumapili baada ya ibada wakaja wote. Ukumbi mdogo nyuma ya kanisa letu la Watonga ulikuwa umetandikwa mikeka ukuta hadi ukuta. Kulikuwa na magimbi, nguruwe aliyebanikwa mzima, na vifurushi vya majani vilivyofungwa nyama ya kopo na tui la nazi. Wanaume walikaa pembeni na beseni lao la kava, kinywaji chetu cha mizizi. Watu ambao ni maskini kama mimi, wanafunzi wenzangu wanaokula mkate mkavu katikati ya wiki, walikuja na vitu mikononi.

Mama Mchungaji alinipokea mlangoni. Jina lake Pisila, lakini hakuna anayethubutu kumwita hivyo. Mkononi alikuwa na mkeka wa msiba, mpana, umechakaa, kingo zimekatika nyuzi nyuzi.

"Simama nikuvalishe," akasema.

Akanizungushia kiunoni akanifunga kwa kamba. Mkeka ukanifika kifuani mbele, na nyuma ukanipita kichwa. Kwetu anapokufa shangazi, watoto wa kaka yake ndio wa chini kabisa msibani, na mkeka huo ndio unaotangaza kuwa wewe ni wa chini. Ulinichoma ngozi kila nilipojigusa. Nilishukuru ulivyonichoma.

"Alikuwa anaumwa nini, mwanangu?"

"Presha, Mama Mchungaji."

"Mazishi lini?"

"Wameshazika."

Akaacha kufunga kamba. "Wameshazika? Hata wa ng'ambo hawajafika?"

"Alisema mwenyewe. Alisema asicheleweshwe. Hakupenda makuu."

Kina mama waliokuwa karibu wakaguna kwa huzuni. Mmoja akasema, "Mwanamke mnyenyekevu."

Shangazi Lesieli mnyenyekevu! Mwanamke ambaye aliwahi kugombania kiti cha mbele kanisani na mke wa mkuu wa polisi, akakipata! Nilikuwa nimemuua, na sasa nilikuwa namuua mara ya pili, kwa kumvisha tabia ya mtu mwingine.

Wakaimba. Jamani, mmewahi kuwasikia Watonga wakiimba bila ala? Sauti za chini zinaanza kama gari kubwa linalopita mbali, kisha wanawake wanaingia juu. Waliimba kwa ajili ya mtu ambaye saa hiyo hiyo alikuwa Nuku'alofa, ameshiba, pengine anawagombeza majirani kwa kuacha nguruwe wao wazurure. Palu alisimama akatoa neno. Akasema namna nilivyomwambia kuwa shangazi hajafa. Watu wakalia upya. Hingano akatolewa nje.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa ndani ya mkeka. Waliniona wakadhani ni huzuni. Ilikuwa aibu, lakini kwa nje vitu hivyo viwili vinafanana sana.

Kisha Mama Mchungaji akapiga magoti mbele yangu.

"Nywele zako bado," akasema.

"Mama?"

"Kule nyumbani wangekuwa wameshakukata. Hapa ugenini vijana wengi wanaacha, wanasema ni mambo ya kizamani. Mimi nasema ugenini ndiko kwa kushika zaidi. Lakini sikulazimishi. Wewe ni mtu mzima sasa, uko chuo. Amua mwenyewe."

Amua mwenyewe.

Maneno hayo hakuna aliyewahi kuniambia. Kule shuleni nywele zilikuwa sheria, mikia miwili, utepe wa rangi ya shule. Nyumbani zilikuwa za shangazi. Nilipofika kidato cha nne nilimwomba anipunguzie kidogo tu, joto lilikuwa linanisumbua. Akacheka. "Nywele hizi ni zangu," akaniambia. "Wewe umezibeba tu."

Sasa ukumbi mzima ulikuwa unangoja. Ningesema hapana. Mama Mchungaji angekubali, angenibusu, tungekula.

"Nikate," nikasema.

Akatoa mkasi kwenye mkoba. Akashika mkia wa kulia, karibu kabisa na sikio. Mkasi haukuwa mkali. Ilibidi autafunetafune ule msuko kama mtu anayekata kamba ya boti. Wanawake wakaanza wimbo mwingine, polepole. Mkia ukaanguka mapajani kwangu. Kisha wa kushoto.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Mengine yote niliyowasimulia, usingizi, mtihani, chai ya Dokta Shobna, mngeweza kunisamehe mkasema, mtoto huyu aliogopa. Lakini mkia wa pili ulipodondoka, na upepo wa feni ukanigusa shingo kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilifurahi.

Nilifurahi, jamani. Katikati ya kilio cha watu. Nilisikia kichwa chepesi, nikawaza: sasa ni changu. Ilibidi nimuue ili kipatikane, nami nilikuwa nimemuua, na nilikuwa nafurahi. Nikauma mdomo nisitabasamu. Mama Mchungaji akanifuta machozi ambayo hayakuwepo.

"Umemheshimu," akaninong'oneza. "Popote alipo, anakuona."

Tukala. Nilipewa kipande kikubwa cha nguruwe. Nilipotafuna nilikumbuka maneno ya Teretia, na nyama ikawa kama kitambaa mdomoni. Nikaimeza.

Mchungaji mwenyewe akaja kukaa nami. Ni mzee mpole, mtu wa maneno machache, na kwa kawaida simwogopi kama ninavyomwogopa mkewe.

"Tumekusanya mikeka na nguo ya magome ya miti kidogo," akasema. "Vitapelekwa kwa baba yako kwa ndege ya wiki hii. Si vingi. Tumefanya tulichoweza."

"Mchungaji, tafadhali, msipeleke. Ni vitu vyenu."

"Acha hayo." Akanipigapiga mkono. "Na rambirambi zetu nimeshazituma kwa redio ya nyumbani. Niliwapigia leo, kina mama waliponieleza alivyokuwa. Wamesema watazisoma leo jioni, pamoja na matangazo mengine ya vifo."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa.

Shangazi Lesieli hakosi matangazo ya vifo. Hata mvua ya kimbunga inyeshe, saa hiyo huketi barazani na ususi wake na redio pembeni, na ole wako upite ukiongea. "Ngoja nijue nani ametangulia," husema. Si yeye tu. Mtaa mzima husikiliza. Kisiwa kizima.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Kabla ya ibada ya jioni."

Nikaangalia saa ya ukutani. Bado. Kulikuwa bado na nafasi. Ningempigia baba, aende aizime ile redio, aikate nyaya, aitupe kisimani. Nikainuka na mkeka wangu unaburura, nikatoka nje nyuma ya ukumbi kwenye masufuria machafu, nikapiga simu.

Inaita. Inaita. Na ndipo nilipokumbuka kitu ambacho kila mtoto wa Tonga aliyeko Suva anakijua, kitu ambacho siku ya kwanza tu chuoni unakirekebisha kwenye saa yako.

Saa ya kwetu iko mbele ya saa ya hapa kwa saa nzima. Ile jioni niliyokuwa naingojea ilikuwa imeshapita.

"Uta?" Baba. Sauti yake juu, haijatulia. Nyuma yake nikasikia vilio. Si vya mtu mmoja. "Uta, mwanangu, kuna nini huko? Hapa watu wamejaa mlangoni. Mke wa Semisi hapa jirani amekuja mbio na mkeka, amejigaragaza barazani. Redio imesema dada yangu amekufa. Imesema, kutoka kwa Watonga wa Suva na kwa mpwa wake Sepiuta. Ni mchezo gani huu?"

"Baba, ngoja nikueleze..."

"Dada yangu nimekula naye mchana! Amekaa hapa! Ananitazama!"

Kisha ile sauti. Sauti iliyouliza habari za mafuta ya nazi.

"Manase, lete hiyo simu."

"Dada, ngoja kwanza niulize..."

"Nimesema lete. Na nyie nyamazeni huko nje! Nani kawaambia mlie? Nataka kusikia!"

Kilio kikakatika kama bomba lililofungwa. Nikasikia simu ikibadilisha mikono.

"Uta."

"Shangazi."

"Nimesikia redioni kwamba nimekufa."

Nikajibanza ukutani.

"Wamesoma vizuri," akasema. "Ila wamesema nilikuwa mnyenyekevu. Hapo mke wa Semisi mwenyewe aliacha kulia kidogo."

Nilingoja tusi. Nilingoja fimbo ipite kwenye simu inichape. Nilikuwa tayari, nilikuwa naitamani. Mkono wangu wa pili ulikuwa umeshika shingo yangu, pale palipokuwa na nywele asubuhi.

Lakini hakutukana. Nikasikia hatua zake. Nikasikia mlango wa nyuma ukifungwa, sauti za watu zikibaki mbele ya nyumba, na kuku wakiondoka njiani. Alikuwa ametoka nje, uani, peke yake, kama mimi nilivyokuwa peke yangu kwenye masufuria.

Alipoongea tena sikuitambua sauti. Sijawahi kumsikia shangazi yangu akiongea chini chini. Hata kanisani hawezi.

"Sasa niambie kweli, mwanangu. Sitakukasirikia. Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, shangazi?"

"Usinifiche. Daktari aliniapia hatamwambia mtu. Baba yako hajui. Hakuna anayejua kuhusu huo uvimbe, nimenyamaza ili wewe umalize mitihani yako kwa amani. Walisema miezi, Uta. Hawakusema leo." Akapumua. "Umetangaza mapema tu. Nani alikuambia kwamba nakufa?"

Nikakaa chini palepale, juu ya mkeka wake.

Nyuma yangu mlango wa ukumbi ukafunguliwa. Mama Mchungaji akachungulia, uso wake umejaa huruma.

"Uta, watu wanataka kukuaga. Mbona umekaa chini? Unaongea na nani, mwanangu?"

Na sikioni: "Nijibu. Nani?"

Wote wawili walikuwa wananingoja.

"Shangazi," nikasema.

Kila mmoja akadhani nimemjibu yeye.